Mkasi na Saa Nane

Siku niliyokata mikono miwili ya kushoto ilikuwa Alhamisi, saa nane na robo mchana, na gauni lilikuwa la mama aliyekuwa anamuaga binti yake Jumamosi. Satini ya zambarau. Niliitandaza mezani, nikapiga chaki, nikakata mkono wa kwanza. Kwa ule wa pili nilipaswa kugeuza karatasi ya kipimo, sikugeuza. Niliposhtuka nilikuwa nimeshika vipande viwili vilivyofanana kama mapacha, na kitambaa kilichobaki hakikutosha hata kola. Nilizunguka maduka ya Soko Kuu hadi jioni nikitafuta rangi ile ile, nikailipia mwenyewe, na usiku wa Ijumaa nikakesha kwenye cherehani.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba sikuwa nasinzia. Nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya kahawa chungu baada ya chakula, macho makavu kabisa. Yalikuwa wazi, lakini akili haikuwepo mezani.

Kwa miaka nililaumu jua la utosi kwa hali hii ya mchana, kisha nikalaumu ugali. Lakini Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai, Mlima Meru unapojifunika mawingu siku nzima, tunashona tumevaa masweta. Uchovu wa saa nane huja vile vile. Mwenzangu wa meza ya pili hufunga Ramadhani. Hajaonja hata maji tangu alfajiri, na saa ile ile kichwa chake huinama juu ya kitambaa. Basi si jua, wala si ugali peke yake, ingawa sahani iliyojaa hadi ukingoni huongeza uzito. Mwili una saa yake ya ndani. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya seli. Kwa wengi wetu saa hiyo hulegea kidogo mchana, hata kabla usiku haujafika.

Kahawa hairudishi nguvu iliyokwisha. Tangu tunapoamka, ubongo hukusanya kitu kiitwacho adenosini, na kadiri kinavyozidi ndivyo tunavyochoka. Kafeini huwahi kukaa kwenye kiti cha adenosini, ujumbe wa uchovu ukakosa pa kupokelewa. Uchovu wenyewe upo, unasubiri nje. Kwa mtu mzima nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa nane bado kimo nusu yake saa moja usiku, na robo yake saa sita, wakati ninapogeuka geuka kitandani. Asubuhi naamka nimechoka, mchana nataka vikombe viwili. Chai ya rangi nayo ina kafeini, jambo ambalo wengi tunalisahau tunaposema tumeacha kahawa.

Nilipoacha kahawa, kichwa kiliniuma siku tatu. Siku ya nne ilikuwa Jumapili, nikapanda kijijini Akheri kumsalimia bibi.

Bibi amelima kahawa chini ya migomba maisha yake yote, na sijawahi kumwona akiinywa mchana. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Kahawa ni ya ada ya shule, mjukuu wangu." Kisha nikamtazama siku ile kama ambavyo sikuwahi kumtazama. Kazi zote za jembe, mbolea na kuni zilikuwa zimekwisha kabla jua halijafika utosini. Saa nane alikaa kwenye kigoda kivulini, miguu imekunjwa, ungo wa maharage mapajani, akichambua bila haraka. Hakulala, wala hakufanya jambo ambalo akikosea litamgharimu. Saa kumi aliinuka kwenda kumkatia ng'ombe majani, mwepesi kuliko mimi.

Nilimkumbuka bibi niliposoma habari za Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, katika mkoa wetu huu huu. Watafiti walioishi nao walichapisha mwaka 2020 kwamba watu wale, pamoja na mwendo wote wa kuwinda na kuchimba mizizi, hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Ila sehemu ya mapumziko hayo huwa ni kuchuchumaa na kupiga magoti, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Mimi mapumziko yangu yalikuwa kujimwaga kwenye kiti cha plastiki na simu mkononi, nikiinuka nimechoka kuliko nilivyokaa.

Sasa kukata ni kazi ya asubuhi, mlima ukiwa bado wazi. Saa saba nakula makande au wali nusu sahani, nakunywa maji, natoka nje juani kutembea hadi daraja la mto Themi na kurudi. Siku nikizidiwa, natandika mkeka nyuma ya cherehani, nalala dakika 15, simu ikiniamsha. Nikizidisha hadi saa nzima naamka mzito, na usiku unaniponyoka. Baada ya hapo ni vifungo, mapindo, kufumua nyuzi. Fundi aliyeajiriwa na mtu hana uhuru huu, najua. Bosi wangu wa zamani asingekubali mkeka. Lakini hata kwake ningeweza kupanga mkasi uje kabla ya sindano.

Wiki iliyopita yule mama wa satini alirudi na kitenge cha binti yake, ambaye sasa ni mjamzito. Ilikuwa saa nane kasoro dakika chache. Aliomba nikikate pale pale, akione. Nilimvutia kiti, nikachukua vipimo, nikaviandika, nikakikunja kitenge na kuweka chaki juu yake.

"Kesho saa mbili asubuhi, mama," nilimwambia. "Njoo tukate wote."