Usiku Mkwe Alipopanda Kinyumenyume

Ujumbe wa kusimamishwa kazi niliusoma nikiwa nimeegemea gari lisilo langu. Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2020, nje ya lango la Fort Ikoma, na gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser la kupeleka wageni hifadhini, lenye paa la kufunguka na friji ya soda. Turudishe magari, ndivyo ujumbe ulivyosema, mengine tutajulishwa hali ikitengemaa. Wiki mbili baadaye ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa kutua, kwa sababu ya korona. Kule Seronera, ndani ya hifadhi, ambako tulizoea kubanana magari ishirini chini ya mti wa chui mmoja, chui alibaki peke yake na mti wake. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 wakawa 620,867. Mimi nilikuwa ndani ya ile tofauti.

Nilifika nyumbani Mugumu na begi moja na darubini. Nyumbani palikuwa na mke, watoto watatu, mkopo wa SACCOS wa kuezekea nyumba, mzee wangu ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa, na chini ya mwembe, Mkwe.

Mkwe ni Land Rover 109, pikapu ya mwaka 1967, umri mmoja na Azimio la Arusha. Taa zake za mbele bado zimekaa katikati, karibu karibu, kama macho ya mtu anayekushuku. Kwenye matoleo ya baadaye zilisogezwa pembeni kwenye madigadi. Mzee alimnunua mnadani miaka ya themanini, baada ya serikali kumchoka. Jina tulimpa sisi watoto. Kwetu Wakurya mkwe hupayuki mbele yake, na gari hili ukilisema vibaya asubuhi haliwaki hadi jua la utosi. Sisi tulitania tu. Mzee aliamini.

Niseme ukweli: miaka yote ya kuvaa sare yenye nembo nilimwonea aibu Mkwe. Mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba ya katani. Waipa ya upande wa abiria inaendeshwa na abiria mwenyewe, kwa mkono. Tangi la petroli liko chini ya kiti, kwa hiyo kila safari unakuwa umeukalia moto. Oili inadondoka sehemu tatu, na mafundi wote wa Land Rover duniani wana mzaha mmoja, kwamba ikiacha kuvuja ujue imekwisha. Wageni wangu wa Uingereza wakiliona la namna hii barabarani walikuwa wananisimamisha wapige picha. Nikawa nawaeleza, kama kasuku, kwamba la kwanza lilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, kwamba bodi ni ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana bodi hailiwi na kutu ila chesisi ndiyo inayoliwa. Walifurahi, wakatoa bahshishi. Sikuwahi kuwaambia kwamba nyumbani tunalo.

Kumfufua kulichukua siku nne. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kichujio cha hewa. Mimi na fundi mmoja wa mjini tulisafisha kabureta, tukapiga msasa pointi, tukaazima betri, tukatia hendeli. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, macho kafumba. Injini ilipokohoa na kushika, fundi akaruka kwa furaha, lakini mzee akainua kidole.

"Tapeti ya tatu hiyo. Imelegea."

Fundi akabisha kwa heshima. Tukafungua. Ilikuwa ya tatu.

Nimeendesha magari ambayo yakiharibika taa ndogo inawaka kwenye dashibodi, unapiga simu ofisini, ofisi inampigia mtu wa Arusha mwenye kompyuta. Katika mnyororo huo dereva ni mtu wa kushika usukani tu. Siku ile chini ya mwembe ndipo nilipoelewa kwa nini mzee alimkatalia kila dalali. Mkwe ana kasoro, lakini hana siri. Kila ugonjwa wake una sauti, harufu au tone la mafuta chini, na atakutajia siku tatu kabla. Ukipuuza, aibu ni yako.

Basi tukaanza kazi. Mugumu kwenda Nyamongo, Nyamongo kwenda Tarime, kilomita zisizotimia tisini ambazo mvua zikikaa zinakuwa safari ya siku nzima. Nilipandisha mahindi na mtama, nikashusha ndizi na kahawa ya milima ya Tarime, siku za mnada nikabeba mbuzi na wenye mbuzi. Mkwe anakunywa lita moja kwa kilomita tano, na mwaka mwingine wowote angetufilisi. Lakini mwaka ule bei ya mafuta ilianguka dunia nzima kwa sababu ile ile iliyoninyima kazi. Sijawahi kujua niishukuru vipi hali hiyo, nimeiacha hivyo hivyo.

Masika ya 2020 wenyeji wa Mara hawajaisahau. Mei ya mwaka huo Ziwa Victoria lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa, na Mto Mara, unaoshuka kutoka misitu ya Mau huko Kenya hadi ziwani, ulijaa ukawa unasukuma magogo. Mwanzoni mwa mwezi huo walikuja watu wa msiba. Bibi yao alikuwa amefia Mugumu kwa uzee, na kwetu mtu anazikwa kwao. Kwao ni kijiji kimoja upande wa Tarime, juu ya Nyamongo. Wenye Noah walikataa, wenye Fuso walikataa. Walipokuja kwangu nikamtazama mzee. Akauliza jambo moja tu: "Feni beti unajua kuitoa?"

Nilijua. Maji yakifika kwenye injini, feni ndiyo inayoyarusha kwenye distributa na gari linazima katikati ya mto. Unatoa beti, unavuka, unairudisha. Tulifanya hivyo mara mbili kwenye vijito kabla ya kufika daraja la Mto Mara. Jeneza lilikuwa nyuma, limefunikwa turubai, wanaume wanane pembeni yake, mama wawili mbele na mimi. Tulipita daraja gizani, maji yakinguruma chini.

Mlima ulioanza mbele ulikuwa udongo mweusi, ule unaonata kama ugali wa mhogo. Nilikuwa nimeshavuta mkono mwekundu, magurudumu yote manne yanavuta, gia nzito. Katikati ya mlima tukasikia ta! Mlio mfupi, mkavu. Gari likalegea nyuma, likaanza kuteleza kurudi tulikotoka. Wanaume wakaruka na kuweka mawe. Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti.

Mtandao ulikuwa wa kijiti kimoja. Mzee alipokea kabla simu haijaita mara ya pili, nadhani hakuwa amelala.

"Tata, nadhani saidi shafti ya nyuma imekatika."

"Gurudumu limetoka?"

"Hapana."

"Haliwezi kutoka. Mbele linavuta?"

"Linavuta, ila linasaga tu tope."

Akanyamaza kidogo. "Mura, uzito wote umelalia nyuma, mbele pamekuwa pepesi. Shuka hadi tambarare, ligeuze, upande kinyumenyume. Wanaoweza wakalie madigadi."

Simu ikakata. Sikupiga tena.

Kulishusha ilikuwa kazi, kuligeuza ilikuwa kazi zaidi. Walilisukuma hadi magoti yakazama kwenye tope. Ndipo ubishi ukazuka, na ubishi wenyewe haukuwa wa gari. Mzee mmoja wa ukoo alisema haijapata kuonekana marehemu kurudishwa kwao kinyumenyume, ni mkosi. Kijana akamjibu kwamba mkosi ni kulala hapa na maiti hadi mvua irudi. Wakavutana. Mwishowe yule mama aliyekuwa akiomba, binti wa marehemu, akasema: "Mama hajawahi kupita njia mliyompangia. Mtoto wangu, washa gari."

Wanaume wanne walikaa kwenye madigadi na boneti, wakikumbatia tairi la akiba. Mimi nikatoa kichwa dirishani, shingo imepinda, mtu mmoja akatembea nyuma yangu na tochi, na jeneza likatangulia. Mkwe alipanda. Polepole kuliko mtu anayetembea, akinguruma, akitoa moshi unaonuka petroli mbichi, lakini hakusimama hata mara moja. Mlima ule sijui una urefu gani mchana. Usiku ule ulikuwa na urefu wa kanisa zima la nyimbo, maana wale kina mama waliimba tangu chini hadi juu, na mimi, mtu mzima, nililia nikiwa nimeangalia nyuma, ambako ndiko kulikuwa mbele.

Huko juu kulikuwa na nafasi ya kugeuza. Niliuliza. Yule mzee aliyebisha akasema hapana, usigeuze, mwache aingie alivyoanza. Tukaingia kijijini alfajiri hivyo hivyo.

Sikudai nauli zaidi ya mafuta. Walinipa debe la ulezi, na kwa mwezi ule debe la ulezi lilikuwa uji wa watoto watatu. Saidi shafti nyingine ilisumbua kupatikana. Fundi mmoja wa Tarime alijua ilipo, Kenya, lakini Mei 16 Kenya ilifunga mpaka kwa watu, mizigo tu ndiyo ikipita. Ilikuja na lori kupitia Sirari, siku nyingi baadaye. Muda huo wote Mkwe alifanya kazi akivutwa na magurudumu ya mbele peke yake, kitufe cha manjano kimebonyezwa, sikichomoi. Deni la SACCOS tulilimaliza Februari 2021. Kazi nilirudishwa baada ya hapo, na naifanya hadi leo, kwenye gari lenye friji.

Mwaka 2024, kabla ya lile tamasha la Land Rover la Arusha, alikuja mnunuzi na bahasha. Kiasi chake sikitaji, mke wangu anaweza kusoma hapa. Mzee alimwambia: liwashe kwa hendeli, ukiweza tutazungumza. Mgeni alivua koti. Alizungusha hadi akakaa chini. Mzee akamwagizia chai.

Kule kijijini juu ya Nyamongo bado napita, msimu wa ndizi. Watoto waliosimuliwa tu habari ile hukimbilia barabarani wakisikia mlio, na binti wa marehemu, sasa naye ni bibi, hutoka mlangoni kuniamkua kwa swali lile lile: kwa nini leo nimekuja kwa uso.