Nyimbo Ambazo Hatukusikia Mwisho Wake

Labda utashangaa kuona mchungaji anaandika juu ya michezo ya televizio. Usishangae sana. Kama wewe uko na miaka kati ya 35 na 50, na ulikomalia Mongbwalu, Bambu, Nizi ao Bunia, nikikupigia mluzi wa sauti saba za kwanza za wimbo wa Mario, sitahitaji kukuambia jina. Mguu wako wenyewe utajibu.

Na ninyi vijana, mnaocheza kwa simu, kila mtu na yake, masikio yamefungwa kwa vile vidude, kaeni hapa kidogo. Ninataka kuwaambia namna ilivyokuwa kwetu.

Wakati ule inchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Pale Mongbwalu nyumba zenye televizio zilikuwa za kuhesabu, na zile zenye televizio pamoja na grupe, ile mashine ya umeme inayokunywa esansi, zilikuwa chache zaidi. Moja ilikuwa ya mnunuzi wa zahabu karibu na soko. Mchana alipima zahabu ya wachimbaji kwa mizani yake. Jioni kijana wake alitoa televizio kwenye baraza na kuunganisha mashine ya michezo. Ulilipa noti ndogo, unapewa maisha matatu. Ukikufa mara tatu, maneti inapita kwa mwenzako. Wawili wanacheza, 30 wanatazama, na wale 30 ndio wanaojua zaidi. «Ruka! Ruka, we!» Mtoto asiyewahi kushika maneti hata siku moja alikuwa anakuelekeza kama mwalimu wa miaka mingi.

Mashine yenyewe haikuwa ya kweli, lakini jambo hilo halikutuhusu. Ile ya kweli ilitengenezwa na Nintendo, kampuni ya Japani, ikauzwa kule tangu Julai 1983 kwa jina la Famicom. Halafu viwanda vya Taiwan na China vikaiiga, na zile za kuigwa zikazunguka dunia kwa majina mengi. Warusi waliijua kama Dendy, watu wa Polandi waliita Pegasus. Yetu ilitoka Kampala juu ya lori, pamoja na sabuni na vitenge. Kaseti yake ilikuwa na karatasi iliyoandikwa 9999999, maana yake michezo milioni kumi kasoro mmoja ndani ya kaseti moja. Ukihesabu vizuri, kumbe ni michezo michache tu iliyorudiwa kwa majina mengine. Wachimbaji walipita wakacheka. Mtu aliyezoea mizani ya wanunuzi hashangazwi na karatasi.

Kaseti ilipokataa, tuliipuliza. Unakumbuka? Unaitoa, unapuliza meno yake kwa nguvu, unarudisha, unaomba kimya kimya. Hakuna aliyetufundisha, na watoto wa Japani, wa Urusi na wa Marekani walifanya vile vile bila kuambiwa na mtu. Kwa kweli pumzi haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha. Majimaji ya kinywa yaliharibu meno pole pole. Tena kuna jambo hili: kampuni ya Nintendo ilipaka meno ya kaseti zake zahabu nyembamba sana, kwa sababu zahabu haishiki kutu na inapitisha umeme vizuri. Sisi wana wa Kilo-Moto, ambako zahabu inachimbwa tangu 1905, tulikaa juu ya baraza ya mnunuzi wa zahabu, wajomba zetu wako ndani ya mashimo, maji mpaka magotini, na hakuna aliyejua kwamba ile kitu yao inaweza kuishia ndani ya mchezo wa mtoto.

Lakini nilitaka hasa kusema juu ya muziki.

Ile mashine haikuwa na muziki uliorekodiwa kama kwenye kaseti ya kwaya. Ilikuwa na kipande kidogo ndani yake kinachotoa sauti tano tu kwa wakati mmoja. Mbili za kuimba, moja nzito ya chini, moja ya kelele kama upepo wa kupita mlangoni, na ya tano ambayo michezo mingi ya kwanza haikuitumia hata kidogo. Mkongomani akisikia hesabu hiyo lazima acheke, kwani anaijua: solo, akompanyima, baso na ngoma. Ni orkestra ya rumba ndani ya sanduku la plastiki!

Aliyeandika nyimbo za Super Mario Bros., mwaka wa 1985, ni Koji Kondo, kijana wa miaka 24 tu. Mchezo wote, picha na nyimbo pamoja, ulikuwa wa kilobaiti 40. Picha moja ya harusi unayotuma leo kwa simu inapita hiyo mara nyingi. Kijana yule hakuwa na mahali pa kuficha wimbo usio na kitu. Hata zile sauti chache hazikuwa zake zote, kwani Mario akiruka, mlio wa kuruka unaazima sauti moja ya wimbo, halafu unairudisha. Wimbo ulipaswa kusimama hata ukiwa na mguu mmoja pungufu. Mimi ninayefundisha kwaya ninajua kazi hiyo. Kwaya ya watu 60 inaficha mengi. Weka watu wanne mbele, kila mmoja na sauti yake, ndipo utajua kama wimbo uko na mifupa.

Kule Ulaya na Marekani mambo yalikuwa vile vile kwa kompyuta za nyumbani. Commodore 64, iliyotoka mwaka wa 1982, ilikuwa na sauti tatu tu, kazi ya fundi mmoja anayeitwa Bob Yannes. Mwingereza Rob Hubbard alizichezesha zile tatu mpaka leo kuna watu wenye mvi wanaokusanyika kusikiliza nyimbo zake bila kucheza mchezo wowote. Michezo mingi ya kompyuta hizo iliwekwa kwenye kaseti za kawaida, sawa na zile tulizorekodia mahubiri. Ukiitia kaseti ya namna hiyo ndani ya redio, unasikia mlio mkali tu, kama bati linakwaruzwa. Ni mchezo wote huo unaimba kwa luga yake.

Lakini kitu kimoja kilitutenga na watoto wa kule. Wao walikuwa na umeme mpaka asubuhi. Sisi tulikuwa na esansi.

Super Mario iko na dunia 8, na kila dunia vituo 4, jumla 32, na haikuwa na njia yoyote ya kuweka alama mahali ulipofika. Kila siku unaanza tena kituo cha kwanza. Kwa hiyo mwanzo tuliujua mpaka kwenye damu. Tuliujua wimbo wa juu, wenye jua. Tuliujua wimbo wa chini ya ardhi, ule wa sauti fupi nzito, kisha kimya, kisha tena zile zile, kama mtu anayetembea ndani ya shimo akisimama kusikiliza. Tulijua namna wimbo unavyoanza kukimbia wakati saa ya mchezo imeshuka mpaka 100. Na kila mara, karibu na dunia ya tatu ao ya nne, grupe inakohoa, picha inakuwa ndogo, na kijana wa mwenye nyumba anatangaza: «Esansi imekwisha! Kesho!»

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia wimbo wa mwisho. Tuligombana juu yake njia nzima ya kurudi nyumbani. Mmoja alisema kuna vinanda vingi, kama siku ya uhuru. Mwingine alisema hakuna wimbo wowote, mashine inazima yenyewe. Mimi nilikuwa upande wa vinanda.

Mwisho wa 1996 vita ilifika Bunia. Agosti 1998 ikaanza nyingine. Mwaka wa 1999 iliingia ndani ya Djugu yenyewe, jirani kwa jirani, na wewe unayesoma unajua yaliyofuata mpaka 2003, kisha tena tangu mwisho wa 2017. Baraza ile ilifungwa. Televizio ilichukuliwa, sitauliza na nani. Wale 30 tukatawanyika, wengine Beni, wengine ng'ambo ya ziwa, Uganda, wengine porini. Usiniambie kwamba juu ya baraza hatukujua makabila yetu. Tulijua vizuri sana, majina yetu yanasema yenyewe. Lakini foleni ya maneti ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo haikuuliza jina.

Nimesikia wazee, hata ndani ya kanisa, wakisema ni michezo ya bunduki iliyofundisha watoto kuua. Wanautaja sana Contra, mchezo wa kampuni ya Konami, ambamo askari wawili wanakimbia na kupiga risasi bila kupumzika. Ninawaheshimu wazee wangu, lakini hapa sikubaliani nao. Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilipotoa hukumu yake ya kwanza kabisa, Machi 2012, ilihusu watoto wa Ituri, wenye miaka chini ya 15, walioingizwa jeshini kati ya 2002 na 2003. Wale niliowajua mimi, wengi hawakuwahi kuona maneti. Walikamatwa njiani, ao walifuata chakula, ao walifuata kaka. Watu wazima waliwapa bunduki. Tusiipakie televizio mzigo wa watu wazima.

Na tena, waliocheza Contra wanakumbuka kile kituo cha maporomoko ya maji. Mnapanda wawili, mwamba kwa mwamba. Ukikimbilia juu peke yako, picha inapanda pamoja nawe, na mwenzako anayebaki chini anakufa. Hakuna adui aliyemgusa. Ni wewe tu uliyeharakisha. Tulipigana makofi kweli juu ya kituo kile kuliko juu ya kitu kingine chochote, mpaka tukajifunza kungojana.

Kulikuwa pia siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Mfanyakazi wa Konami, Kazuhisa Hashimoto, aliyekufa mwaka wa 2020, aliitia kwanza ndani ya mchezo mwingine, Gradius, mwaka wa 1986, kwa sababu mchezo ulikuwa mgumu kwake mwenyewe na alipaswa kuujaribu mpaka mwisho. Ndani ya Contra siri hiyo inakupa maisha 30. Wawili wa baraza yetu waliishika bunduki ya kweli. Mmoja alirudi, leo anauza vocha za simu. Mwingine alikuwa na maisha moja tu.

Mwaka wa 2021 nilikuwa Kigonze, pale Bunia, kati ya watu waliokimbia vijiji vya Djugu. Kijana wa miaka kama 15 alikuwa ameketi nyuma ya hema na simu yenye kioo kilichopasuka. Nikasikia zile sauti saba. Nikakaa chini bila kuomba ruhusa. Simu za leo zinacheza michezo ya zamani, tena zinakuwezesha kuweka alama popote, kwa hiyo yeye alikuwa tayari dunia ya nane, kituo cha nne. «Pasta, unaijua hii?» Nikamwambia ninajua ile ya kwanza tu.

Alivuka daraja la mwisho. Ndipo niliusikia, miaka zaidi ya 20 baadaye. Hakuna vinanda vingi. Ni wimbo mfupi, mpole, karibu wa kumlaza mtoto, unaorudia na kurudia. Binti wa mfalme anashukuru, mchezo unasema safari imekwisha, na papo hapo unakupa safari nyingine, ngumu kuliko ya kwanza. Kijana alitazama alama ya moto wa simu, akaizima. Pale kuchajisha simu kunaomba makuta. Nilitafuta kichwani mwangu ni nani ningempelekea habari kwamba sisi wote tulikosa, upande wa vinanda na upande wa kimya. Nilipata majina mawili, na la pili sina namba yake.

Mwaka wa 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza wimbo wa Mario ndani ya orodha ya sauti zinazopaswa kulindwa kwa vizazi vinavyokuja, na ndio wimbo wa kwanza wa mchezo wa televizio kuingia humo. Ni vizuri. Ila baraza za Mongbwalu haziko ndani ya maktaba yoyote, na kama wewe ulikuwa mmoja wa wale 30, watoto wako hawajui. Waambie zamu yako ilikuwa ya ngapi. Waambie nani alikuwa nyuma yako.

Jumapili moja mwaka jana, kabla ya ibada, mpiga baso wa kwaya yetu alikuwa anajaribu gitaa yake. Vidole vikaangukia kwenye ule wimbo wa chini ya ardhi: sauti fupi nzito, kimya, sauti fupi nzito. Watu watatu waliinua kichwa: mama mmoja wa safu ya alto, mzee mmoja wa mlangoni aliyekuwa zamani askari, na mimi. Tulitazamana, tukacheka bila kutoa sauti. Mpiga baso iko na miaka 19, ile mashine hakuiona kamwe. Baada ya ibada nikamwuliza wimbo ule ameutoa wapi.

«Kwa papa, Pasta,» akaniambia. «Anaimbaga hivyo akiwa ndani ya shimo.»