Pampu Zilizorudi Mtoni

Mimi ni afisa ugani kando ya Mto Tana, upande wa Garissa. Huku shamba bila pampu ni jangwa. Migomba, miembe na nyanya zetu hunywa maji ya mto, na pampu ya dizeli hukaa ukingoni kabisa, kwa sababu ikiwekwa mbali haivuti.

Septemba 2023 tulikuwa na utabiri mkononi. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imesema mvua za vuli zitapita wastani: El Nino imeshika, na Bahari ya Hindi upande wetu ina joto kupita kawaida. Nikazunguka vikundi nikiwaambia wapandishe pampu mahali pa juu, mbali na ukingo. Hakuna aliyebisha. Aliyeiona El Nino ya 1997 hahitaji mhadhara. Mikokoteni ya punda ikaanza kazi.

Lakini kupandisha pampu kuna gharama, na watu wa ofisini hulisahau hili. Jua la Oktoba la Garissa ni kali mno. Nyanya zikikosa maji siku chache tu, maua yanapukutika. Hasara hiyo unaiona kwa macho, na mafuriko bado ni maneno. Ndiyo maana tamko lilipotoka ngazi za juu serikalini kwamba hakutakuwa na El Nino, wakulima walishusha pumzi. Tamko lenyewe lilisema mvua kubwa zitanyesha, ila hazitafikia kiwango cha kuleta maafa. Lilipofika sokoni lilikuwa limebaki maneno matatu: hakuna El Nino.

Mzee mmoja alinipigia simu. Ukame wa misimu mitano mfululizo ulikuwa umemmalizia ng'ombe, akageukia kilimo na kununua pampu kwa mkopo wa chama.

"Mwanangu, umesikia? Basi niishushe?"

"Tungoje kidogo, mzee, tuone."

Sikumwambia, "Usishushe." Mkubwa wangu kazini alikuwa ametuonya tusionekane tunapinga serikali, nami nina watoto shuleni. Mzee akangoja siku mbili, nyanya zikanyauka, akaishusha.

Novemba maji yalikuja usiku. Jioni yake kwetu hakukuwa na wingu la kutisha, lakini Tana hujazwa na mvua za Mlima Kenya na Aberdare, kisha hutufikia siku kadhaa baadaye. Yalipopungua tuliikuta pampu imekwama kwenye shina la mwembe, mbali na ilipofungwa. Fundi alipofungua injini, likatoka tope zito kama uji wa mtama. Mzee alilichota kwa kidole, akalitazama.

"Mkopo bado miezi minane," akasema.

Msimu huo zaidi ya watu 100 walikufa kwa mafuriko Kenya. Desemba, wanasayansi waliozichunguza mvua hizo walieleza kuwa ongezeko la joto duniani lilizidisha ukali wake, huenda hadi maradufu. Nimesoma taarifa za hasara: barabara, madaraja, nyumba. Sijaona mahali palipoandikwa pampu iliyoshushwa kwa sababu mkubwa wa serikali alisema na mtaalamu akanyamaza. Mtaalamu huyo ni mimi.

Aprili 2024 mto ulipoanza kupanda tena, sikungoja kupigiwa, wala sikuomba ruhusa ya mtu. Wa kwanza kumpigia alikuwa mzee yule.

"Mimi sina cha kupandisha," akanijibu. "Wapigie wenye pampu, upesi."

Akanitajia majina manne, nami nikayaandika kiganjani.