Kadudu ka ndakala

Mbele ya vakansi tulibishana sana katika interna. Wenzetu wa Bukavu walisema samaki wa Kivu na wa Tanganyika wanakula chakula kimoja, sababu Ruzizi inaunganisha maziwa yote mawili. Sisi wa Uvira tulikubali. Kumbe tulikosa.

Kuko kadudu kadogo sana, hakafiki milimita mbili, ndakala wanakapenda. Wenye elimu wanakaita Tropodiaptomus simplex. Sars wa Norvegi alikaandika katika 1909. Kanapatikana Tanganyika tu, toka kwetu mpaka Zambia. Kivu hakuna. Ruzizi inatoka Kivu na kushuka kwetu, na kadudu kama hako hakawezi kupanda maporomoko. Sambaza je? Wao walibebwa na watu toka Tanganyika mpaka Kivu, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kadudu hakakuwafuata.

Hata huku kwetu hakaishi kila mahali. Mchana kanashuka gizani, kanakimbia macho ya samaki. Usiku kanapanda, ndakala wanakafuata, na baba zetu wanawasha taa. Ziwa lina metre 1470 kwenda chini, lakini huku kaskazini, ukipita metre mia moja hivi, hewa ya kupumua imekwisha. Kwa hiyo kanakaa darini tu. Na maji ya juu yanazidi kupata moto, hayachanganyiki vema na ya chini yenye mbolea, basi chakula chake kinapunguka.

Minervali yetu inatoka kwa ndakala. Trimestri hii mwenzetu mmoja alikawia kurudi: wavu wa baba yake ulikuwa ukitoka mtupu.