Mbolea ya Mimea ya Majini: Kutoka Daftari Langu

Wasomi wenzangu wakiniuliza ni jambo gani lililomsukuma mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kununua chumvi ya Epsom, kukusanya misumari yenye kutu na kuchoma maganda ya ndizi, jawabu langu huwa fupi: bei. Chupa ndogo ya mbolea ya mimea ya majini, ile inayoletwa kutoka ng'ambo, huuzwa jijini Nairobi kwa kiasi ambacho mwanafunzi wa uzamili hawezi kukitoa bila kujinyima chakula. Mgagaa na upwa, walinena wahenga, hali wali mkavu. Nami nikaamua kugaagaa.

Tangi langu ni la kioo, ujazo wake ni lita 60, na limekaa juu ya meza ileile ninayoandikia tasnifu. Ndani yake mna samaki 12 wadogo wa aina ya gapi na mimea ya aina tatu: valisineria yenye majani marefu kama utepe, anubiasi, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi, na seratofili, mmea usio na mizizi ambao humea wenyewe katika Ziwa Victoria. Huo wa mwisho niliununua kwa mfugaji mwenzangu wala sikuuchota ziwani, kwa sababu konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hupenda kujificha ndani ya vichaka vyake.

Nililelewa karibu na Homa Bay, na baba yangu ni mvuvi. Nilipomweleza kwa simu kwamba ninatafuta mbolea ya majani ya majini, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa Dholuo: "Binti yangu, sisi tumeyang'oa majani hayo miaka yote hii, wewe unayatilia mbolea?" Swali hilo halikuwa la mzaha. Tangu miaka ya 1990 gugumaji, mmea uliotoka Amerika Kusini, limeziba Ghuba ya Winam mara kwa mara, na baba amepoteza siku nyingi za kazi akitazama mashua yake iliyokwama ufuoni. Kinacholinenepesha gugumaji hilo, pamoja na maji taka ya mijini, ni mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani. Kwa hiyo kabla sijapima hata kijiko kimoja, nilijua kwamba ninachokichezea si kitu cha mchezo.

Msingi wa kazi yote hii umo katika kanuni ambayo aghalabu huhusishwa na mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, aliyeieneza kuanzia mwaka 1840, ingawa mwenzake Carl Sprengel alikuwa ameshaisema mnamo 1828. Kanuni yenyewe ni kwamba mmea hukua kwa kadiri ya kirutubishi kilichopungua zaidi, si kwa kadiri ya vile vilivyojaa. Waliofuata waliifananisha na pipa lenye mbao zisizolingana urefu: maji hayawezi kupanda kupita ubao ulio mfupi kuliko zote. Kumwagia tangi naitrojeni ilhali kilichopungua ni chuma ni sawa na kurefusha ubao ambao tayari ni mrefu. Kinachobaki bila kutumiwa hufaidi mwani. (Mtu wa pwani na aniwie radhi: ninaposema mwani nakusudia ule ute wa kijani unaotanda kwenye kioo, si ule wa baharini unaokuzwa kule Kibuyuni.)

Mnamo 1996 wapenzi wawili wa matangi, Paul Sears na Kevin Conlin, walitoa makala yaliyoeleza jinsi ya kujitengenezea mbolea kwa naitreti ya potasiamu, salfeti ya potasiamu, salfeti ya magnesi na mchanganyiko wa madini yanayohitajika kwa uchache. Mbolea yao iliitwa, kwa kejeli, matone ya Dupla ya maskini, Dupla ikiwa ni kampuni ya Ujerumani iliyouza matone ya bei ghali. Fosfeti waliiacha makusudi wakiamini kwamba mmea ukiimaliza yote, mwani utakufa njaa. Baadaye Mmarekani Tom Barr aliwapinga: alitia fosfeti kwa wingi, akabadilisha nusu ya maji kila wiki, na mwani haukumsumbua. Binafsi namwelekea Barr katika hoja, lakini kwa mkoba wangu na maji ya mfereji yasiyoaminika, nimewafuata wale wawili.

Niliweka mitungi sita ya kioo dirishani, kila mmoja ukiwa na kipande cha seratofili au valisineria, bila samaki hata mmoja. Nashikilia hili kwa nguvu: jaribio lolote lianzie mahali pasipo na roho ya kupotea.

Mtungi wa kwanza ulitiwa jivu la maganda ya ndizi. Jivu la mimea lina potasiamu nyingi, na majirani zetu Waluhya wamelijua jambo hili tangu jadi. Maji yaliyochujwa kwenye jivu, musherekha, ndiyo wanayolainishia mboga. Mmea ulichangamka kwa muda. Lakini karatasi ya kupimia ilionyesha kwamba pH ya maji imepita 9, na hapo ndipo penye hatari. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, na sumu yake hutegemea pH. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, kwenye pH 7, sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 hupita theluthi moja. Jivu lingewaua gapi wangu kwa uchafu wao wenyewe. Musherekha na ubakie kwenye mrenda.

Nilikwenda basi kwenye agroveti. Muuzaji alinionyesha CAN, mbolea ambayo kila mkulima nchini anaijua, nikaikataa kwa kuwa karibu nusu ya naitrojeni yake imo katika umbo la amonia. Nikaomba gramu 200 za salfeti ya potasiamu.

"Shamba lako ni ekari ngapi, dada?"

"Lita 60."

Alicheka hadi akakaa, lakini alinipimia. Gramu moja ya unga ule katika tangi langu huongeza takribani miligramu 7.5 za potasiamu kwa kila lita, wala haigeuzi pH. Chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesi, niliipata duka la dawa.

Kilichonitaabisha zaidi ni chuma. Majani machanga ya valisineria yalikuwa yakitoka ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Chuma hakihami kwa urahisi kutoka jani kuukuu kwenda changa, ndiyo maana njaa yake huonekana kwenye machanga. Ya naitrojeni huanza kwenye makuukuu, kwa kuwa mmea huyanyang'anya wazee ukawalisha watoto. Hata hivyo, kutupa msumari ndani ya maji hakusaidii kitu, kwani kutu haiyeyuki katika maji ya kawaida. Niliroweka misumari katika chai kali ya Kericho. Ikawa wino! Tanini za chai hukikamata chuma na kuwa kitu cheusi. Kwa njia iyo hiyo, wakitumia vinundu vya mwaloni, Wazungu walitengeneza wino wa hati zao kwa karne nyingi. Mwanafasihi alifurahi, mkulima hakufurahi. Kisha nikajaribu maji ya ndimu, nikichagua misumari ya kawaida na kuiepuka ile ya mabati iliyopakwa zinki, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Baada ya siku nne maji yalikuwa na rangi ya manjano iliyokolea. Asidi ya ndimu ilikuwa imekishika chuma.

Hapo palizuka mjadala ambao haujaisha hadi leo. Rafiki yangu wa idara ya kemia alisoma daftari langu, ambalo nimeliandika lote kwa Kiswahili, akaniambia kwamba hapo nimefika ukingoni: chuma kilichoshikwa namna hiyo huitwa kwa jina lililobuniwa mwaka 1920 na Morgan na Drew kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa, na Kiswahili hakina neno hilo. Nilimjibu kwamba gando tunalo, kaa wenyewe tunao. Alipoona sikubali kushindwa, alipendekeza "chuma cha gando". Mimi nimeandika "chuma kilichofumbatwa". Nilikikwepa kitenzi cha gando kwa sababu msomaji ataliona neno kuganda akadhani nazungumzia barafu. Isitoshe, gando hubana. Kiganja hufumbata na kufumbua. Asidi ya ndimu lazima ikiachie chuma mmea upate kula, na kwa hakika mwanga wenyewe huufungua mfumbato huo, ndiyo sababu ninatia matone machache kila asubuhi badala ya kutia mengi mara moja kwa wiki. Rafiki yangu anasema ninaandika ushairi. Nami namuuliza Morgan na Drew waliandika nini walipomtaja kaa.

Katika wiki ya tatu, jani jipya la valisineria mtungini lilitoka kijani kitupu. Nikahamia tangini kwa nusu ya kipimo, na gapi wote 12 wangali wakiogelea.

Baba nilimjibu kwamba mimi ninahesabu gramu, na kwamba maji ninayoyatoa tangini kila Jumamosi siyamwagi mtaroni. Nayanyweshea miche ya sukuma wiki iliyo katika madebe nyuma ya nyumba, naitreti iishie huko. Alitaka kujua sukuma wenyewe wakoje. Nikamwambia wananenepa. "Basi nitumie picha ya sukuma," akasema, "hayo majani mengine nayajua."

Mtungi wa sita sasa una donge la udongo wa mfinyanzi lililotiwa chembe za DAP na kuzikwa chini ya mizizi. Siku ya tisa leo. Maji bado maangavu.