Kwenye foleni ya jino, tuseme kweli

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea hatuandiki juu ya mitihani. Tunataka tuongee juu ya meno na magonjwa ya kuambukiza, maana hayo mawili hukutana kwenye benchi moja pale hospitali.

Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpoksi, ambao zamani uliitwa ndui ya nyani, kuwa dharura ya kimataifa. Wakati huo ulikuwa umeenea sana kwetu Kongo, na Burundi pia ulikuwa umeingia. Dharura hiyo iliondolewa Septemba 2025. Katika kipindi hicho wahudumu wa afya walituomba tuwasaidie kuwauliza maswali wagonjwa wa meno wanaosubiri zamu. Wengine hawasomi, na sisi tunasema Kiswahili, Kifaransa na Kirundi.

Fomu ilikuwa na sehemu tatu: mgonjwa anajua nini, anaonaje, na anafanya nini. Ya kwanza ilikwenda haraka kabisa. Watu wetu wamepita mengi. Kuna waliokuwa Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kilipolipuka Mei 2015. Kuna wenye ndugu Kivu Kaskazini na Ituri, ambako Ebola ilikaa toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Halafu ikaja korona. Ukiuliza kama kunawa mikono kunasaidia, mtu anakujibu "ndiyo" kabla hujamaliza swali.

Shida ilianza sehemu ya pili. Tuliuliza: "Kama leo una homa au vipele, utamwambia daktari kabla ya kukaa kwenye kiti?" Benchi lote likanyamaza. Mama mmoja, shavu limefungwa kitenge, akasema: "Mwalimu, nikisema nina homa watanirudisha nyumbani. Na hili jino ndilo nitalala nalo." Mzee mmoja akaongeza: "Mimi naogopa zile koleo. Nani ameona zikichemshwa?" Na kijana mmoja akasema heri jirani yake, anang'oa palepale nyumbani na haulizi maswali.

Hapo tukaelewa kitu. Ukihesabu majibu sahihi tu, utasema watu wako tayari, ugonjwa uje. Lakini mtu anaweza kujua yote na bado akaficha homa yake, kwa sababu anaona ukweli utamnyima zamu. Hakupungukiwa na elimu, amepungukiwa na imani. Kwa hiyo swali linalopima kweli ni hili: ukisema ukweli, unafikiri utafanyiwa nini?

Tuwaambie basi yale tuliyojifunza.

Kwanza, jino linalouma sana, uvimbe au damu isiyokoma ni mambo ya haraka. Hata wakati wa korona, Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani liliposhauri huduma za meno zisizo za lazima zisogezwe mbele pale maambukizi yanapoenea, huduma za dharura hazikuwekwa kwenye kundi hilo. Kusema una homa hakumaanishi kufukuzwa. Kunamsaidia daktari akupange peke yako, avae vizuri, na aangalie kama ni jino tu. Mpoksi nao unaweza kutoa vidonda mdomoni na kuvimbisha tezi za shingo. Na uvimbe wa jino ukishuka shingoni, ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje kesho.

Pili, daktari wa meno anafanya kazi usoni pako kabisa. Mashine yake ya kutoboa inarusha maji na mate hewani. Ukificha ugonjwa, unamweka hatarini yeye, na mtoto anayefuata kwenye kiti hicho.

Tatu, mzee yule ana haki ya kuuliza. Vyombo vya kung'olea huoshwa kwanza, kisha huwekwa kwenye mashine ya mvuke wenye joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi. Maji ya kuchemka kwenye sufuria hayafiki joto hilo. Sindano ifunguliwe mbele yako, na glavu ziwe mpya. Uliza kwa heshima: "Daktari, vyombo hivi vimepita kwenye mvuke?" Hilo si tusi.

Sasa fikiria koleo la jirani. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata kwenye damu iliyokauka ambayo jicho halioni. Jirani hakuulizi maswali, lakini pia hajui nani alitangulia kwenye koleo lile.

Kwa wahudumu wetu tunaomba jambo moja: mwambieni mgonjwa mapema, pale mlangoni, kwamba mwenye homa hatapoteza huduma, atapangiwa mahali pake. Neno hilo moja litafungua midomo kuliko mabango kumi.

Na ninyi wazazi, mkimleta mtoto, msimfundishe kusema "sina kitu". Mwacheni aseme panapomuuma, na jana alikuwaje. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.