Boila Isiyobebeka Kichwani

Katika stima ndogo, boila ndiyo inayoamua mambo. Ubavu wa chombo unaweza kugawanywa vipande, mkuku ukakatwa na kuungwa upya, mashine ikafunguliwa skrubu kwa skrubu. Boila ni pipa la chuma linalozuia mvuke wenye nguvu ya kupasua, na kila kiungo kinachoongezwa ndani yake ni mahali pengine pa kuvujia. Kwa hiyo habari ya stima za bara la Tanzania ni habari ya uzito huo: ulivyofikishwa maziwani, ulivyolishwa kuni, na ulivyokuja kuachwa. Sehemu kubwa ya habari hiyo ilipita chini ya milima ya Uluguru, mahali pasipo na bandari.

Maji ya Uluguru hukusanywa na Mto Ruvu, ukipokea Mgeta na Ngerengere njiani, hadi baharini kaskazini ya Bagamoyo. Huko chini wageni wa karne ya 19 waliuita Kingani. Henry Stanley, aliyepita njia hiyo mwaka 1871, aliandika baadaye kwamba mto jirani, Wami, ungeweza kupitisha stima za kina kifupi hadi karibu na milima ya Usagara. Wazo hilo lilivutia sana, kwa sababu njia nyingine ilikuwa mabega na vichwa vya wapagazi.

Mwaka 1876 wazo lilipimwa. Wamisionari wa Kanisa la Uingereza waliokuwa wakielekea Buganda walifika pwani na mashua ya mvuke iitwayo Daisy, wakajaribu Wami, kisha Kingani. Kati yao alikuwemo Alexander Mackay, fundi mitambo Mskoti. Mito yote miwili iliwashinda. Inapinda na kujirudia mno, hata mashua ikaunguza kuni siku nzima na bado ikawa karibu na ilikoanzia. Aliyeuona Ruvu wakati wa kiangazi, mchanga ukiwa umejitokeza katikati ya maji, hatashangaa. Tena maji ya mto wenye tope ni adui wa boila: tope hutulia chini, hugandamana juu ya chuma penye moto, na chuma kisichoguswa na maji hupata joto kupita kiasi, kikavimba na kupasuka.

Daisy ikavunjwa vipande, ikawa mizigo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha kilo 30, na kipimo hicho ndicho kilichoiadhibu mashine. Vipande vilisafiri katika misafara tofauti. Vingine vilitangulia, vingine vikachelewa. Mashua iliungwa kusini mwa Ziwa Victoria mwaka 1877, ikasafiri kwa tanga, kwa kuwa mtambo wake haukuwa umekamilika. Mackay alipofika Kageye, huko kusini mwa ziwa, mwaka 1878 alikuta lundo la vyuma vimeshikwa na kutu, vya boila vikiwa vimechanganyika na vya mashine, naye akakaa kuvichambua kimoja kimoja. Mwaka huohuo dhoruba iliivunja Daisy. Yeye na mwenzake wakaondoa sehemu ya katikati iliyoharibika, wakaziunga ncha mbili, ikawa mashua fupi. Kazi hiyo inastahili heshima kuliko hotuba nyingi zilizoandikwa juu ya safari zile. Mackay alifariki Usambiro mwaka 1890 akiwa bado anahangaika na stima nyingine.

Mabadiliko yenyewe yaliletwa na reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro, chini ya Uluguru, mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Sasa boila ingeweza kupakiwa nzima kwenye behewa. Stima Graf Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalipita Morogoro kwa garimoshi, mlima Lupanga ukiyatazama, hadi Kigoma, ambako mafundi watatu wa Kijerumani, pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua Waafrika, waliunganisha vipande vyake kwa ribiti. Ilishushwa katika Ziwa Tanganyika tarehe 5 Februari 1915.

Ziwani humohumo ilikuwepo stima ndogo ya Kijerumani ya tani 45, Kingani. Jina la mto wa Waluguru likawa linasafiri kwa mvuke katika Ziwa Tanganyika, ilhali mto wenyewe ulikuwa umeikataa stima. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliiteka tarehe 26 Desemba 1915, wakaiita Fifi.

Stima za ziwani zilichoma kuni. Makaa ya mawe yangelazimika kuletwa kutoka mbali, miyombo ilikuwepo. Lakini kuni kavu hutoa karibu nusu tu ya joto la makaa mazuri ya uzito uleule, na zikiwa mbichi hutumia sehemu ya moto kujikausha zenyewe. Kwa hiyo stima ilibeba shehena ya kuni mahali ambapo ingebeba abiria, ikatua mara kwa mara kupakia nyingine, na misitu ya karibu na vituo ikasogea mbali mwaka hadi mwaka. Neema yake ilikuwa maji. Stima ya baharini hulazimika kutunza maji baridi, maana chumvi hula chuma. Ya ziwani ilichota ubavuni.

Utunzaji wa boila mtoto aliyekulia kota za reli za Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliujua kabla hajaona meli. Vichwa vya garimoshi vya mvuke vilikuwa bado vinafanya kazi, ingawa vilikuwa vimeacha kuni na kuchoma mafuta mazito. Baba yake alikuwa fundi wa boila. Moto huzimwa, boila ikaachwa ipoe polepole, maana chuma kikipozwa ghafla hunywea na viungo vikalegea. Kisha vifuniko hufunguliwa, maji ya nguvu yakasukumwa ndani, na ukoko wa chokaa ukakwanguliwa. Mirija hukaguliwa mmoja mmoja. Unaovuja hupanuliwa mdomo au kubadilishwa. Kurudisha mvuke huchukua saa kadhaa. Baba alirudi nyumbani alfajiri, nyusi zimejaa vumbi jeupe la ukoko, na mtoto aliijua siku ya kuosha boila kwa kumtazama tu usoni.

Goetzen iliupata utunzaji kama huo katika saa yake mbaya kabisa. Wajerumani walipolazimika kuizamisha tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, mafundi waliipaka mashine grisi nene kwanza. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mashine ilikuwa bado inafaa. Ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na mvuke ukaendelea kuisukuma kwa takriban nusu karne nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashine zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Wachochea moto hawakuhitajika tena, na mashine ikawa inawashwa kwa dakika chache. Stesheni ya Morogoro nayo ilibadilika miaka ileile: filimbi ikawa honi, na bomba la kunyweshea vichwa maji likakauka. Mtoto yule wa kota, alipokuja kupanda Liemba Kigoma akiwa mtu mzima, hakukuta boila. Alikuta kuta za chuma zenye safu za ribiti, zilezile zilizopita Morogoro ndani ya makasha.